Mnara wa Blagoja

Ljupka Trajkovska alipofikisha miaka sitini na tisa, daktari alimwambia sukari yake haitashuka kwa vidonge tu, atembee. Atembee aende wapi? Mumewe Blagoja, aliyefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha chuma cha Port Kembla, Australia, alikuwa amefariki, na tangu hapo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka jikoni hadi kwenye sanduku la barua.

Aliyemtoa ndani ni rafiki yake Noelene Pratt, wa barabara ya juu. Alimwekea kwenye simu mchezo wa minara. Ukiielekeza simu kwenye sanamu au ukuta uliochorwa, unaona mnara umesimama pale, na huuteki mpaka uufikie kwa miguu yako. Ljupka aliona ni mambo ya watoto. Wiki mbili baadaye yeye ndiye aliyekuwa akimgongea Noelene mlango saa kumi na mbili unusu asubuhi, viatu keshafunga.

Wachezaji huweza kupendekeza minara mipya, na wenzao wa mtaani huipigia kura. Ljupka alipendekeza benchi la juu kilimani, lile ambalo wenzake Blagoja wa kiwandani walimwekea kwa kumkumbuka, lenye kibati cha shaba kilichochongwa jina lake. Kura zikapita. Basi watu wasiomjua wakawa wanasimama pale. Siku moja alimkuta msichana mwenye mbwa akilisoma jina hilo silabi kwa silabi, anakosea, anarudia. Ljupka akamsahihisha, kisha akateremka kilima huku machozi yakimtoka, na hayakuwa ya huzuni.

Mwezi wa Mei mnara ukatoweka. Mchezo ulieleza tu kwamba kitu hicho hakipo tena. Noelene alimkalisha, akamshika mkono, akamwandikia malalamiko, maana Kiingereza cha Ljupka kilikuwa cha kusema zaidi kuliko cha kuandika. Jibu halikuja. Badala yake, siku tisa baadaye, mnara mpya ulichipuka chini tu ya mteremko mkali wa benchi, kwenye ukuta wa Noelene mwenyewe, ambako mjukuu wake alikuwa amechora nyangumi. Ljupka alimpongeza rafiki yake kwa moyo mweupe, akampelekea pai ya mboga.

Jumamosi iliyofuata wachezaji walikutana kwenye bwawa la kuogelea la ufukweni. Fetu, dereva wa basi aliyekuwa kiongozi wa timu yao, akamsogelea Ljupka.

"Mama, pole kwa lile benchi. Halmashauri hawakufanya vizuri kuling'oa."

"Nani kaling'oa? Nimelikalia leo asubuhi."

Fetu akamgeukia Noelene. Kwa kusitasita alieleza kwamba Noelene ndiye aliyewapa habari hizo, akawaomba wote wathibitishe kwenye mchezo kwamba benchi limeondolewa, nao wakamwamini. Mchezo haukubali minara miwili ikaribiane. Nyangumi asingepata nafasi benchi likiwapo.

Noelene hakukana. Alimvuta Ljupka pembeni, akasema goti lake limekwisha, kilima hakiwezi tena, na alitaka walau mnara mmoja wa kuufikia bila maumivu.

"Benchi lenyewe liko palepale, shoga. Sijaligusa hata msumari."

"Ungeniambia goti linauma, ningeuondoa mnara mwenyewe," Ljupka alisema. "Lakini ulinishika mkono, Noelene. Nililia, ukaandika malalamiko yangu kwa mkono wako, ukijua."

Ljupka akarudi nyumbani peke yake kwa njia ndefu ya ufukweni.

Fetu aliomba benchi lirudishiwe mnara, akakataliwa: nyangumi yuko karibu mno. Alikuja kuomba radhi, Ljupka akamsamehe kabla hajamaliza kuongea. Aliyemuumiza si Fetu. Mchezo aliufuta kwenye simu. Kutembea hakuacha, na daktari anafurahia jinsi sukari yake ilivyoshuka.

Jumatatu moja ya Agosti, alfajiri, Noelene aligonga mlango. Ljupka alimwona kupitia pazia, kaegemea fimbo mpya, kavaa viatu vyake vya kutembelea. Akagonga tena, akamwita jina lake polepole. Ljupka alisimama ukumbini, soksi mkononi, mpaka akasikia fimbo ile ikigonga lami na kwenda zake. Ndipo akakaa, akavaa viatu, akatoka kwa mlango wa nyuma.