Baba alinifundisha tarumbeta kwa mistari ya maharage, na ukurasa wa mwisho niliuogopa

Wakuu, salamu kwenu, hasa nyie mliofungiwa ndani na mvua kama mimi hapa nyumbani Kibimba, Ngara.

Uzi huu hauna siasa wala mapenzi. Ni mambo yangu mwenyewe, na sijaongeza chumvi. Mwenye haraka apite tu, maana hata stori yenyewe inahusu kutokuwa na haraka.

Baba yangu alikuja kutoka Burundi akiwa kijana, akapata shamba, akaoa Mhangaza wa hapa hapa Ngara, ambaye ndiye mama yangu. Siku za kazi alilima maharage, migomba na kahawa kidogo. Jumapili alipiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa.

Nikiwa shule ya msingi, meno yake ya mbele yakaanza kung'oka. Sasa tarumbeta bila meno ya mbele ni kazi bure, midomo haina pa kuegemea. Ikabaki inaning'inia ukutani, pamoja na kitabu cha mazoezi alichoachiwa na mpigaji aliyemtangulia. Maelezo ya ndani yalikuwa ya kizungu ambacho pale kwetu hakuna aliyekijua, ila noti zilisomeka.

Na alikuwa hajakimaliza. Ukurasa wa mwisho hakuwahi kuupiga wala kuusikia. Akaamua nitaupiga mimi, yeye asikilize.

Wakuu, mwanzo tuliharibu.

Mzee alijua kufanya kazi kwa namna moja tu: unaingia shambani alfajiri, hunyooshi mgongo mpaka jua likaze. Ndivyo alivyonianzisha kitabu. Zoezi juu ya zoezi, hakuna kupumua. Wiki haijaisha, midomo imevimba kama nimeumwa na nyuki. Jumapili nikapewa nafasi mbele ya waumini, ukatoka upepo mtupu. Kwaya ilicheka mpaka mwinjilisti akainamisha kichwa kama anaomba.

Kesho yake baba akanipa jembe.

Nikajua habari za tarumbeta zimekufa. Kumbe mwenzangu amepata jibu. Akatandika gunia shambani chini ya mti wa kahawa, juu yake tarumbeta na kitabu, pembeni ndoo ya maji ya kunawa.

"Piga zoezi moja," akaniambia. "Kisha parilia mstari mmoja wa maharage mpaka mwisho, ndiyo urudi. Mdomo nao ni mtu, mwana wanje. Uache upumue."

Ikawa hivyo. Zoezi gumu lilipewa mstari mrefu, jepesi mstari mfupi. Yeye akiwa ng'ambo ya migomba alisikia kila kitu. Nikidokoa tarumbeta kabla sijafika mwisho wa mstari, anakohoa tu, nami narudi kwenye magugu.

Zoezi likikataa, ukurasa haufunguliwi. Kesho ni lile lile. Majirani waliyajua mazoezi yote kwa kuyaimba. Kuna mama mmoja nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama ule wimbo wangu unaokwama katikati umeshapona.

Palizi ikiisha hatusongi mbele, tunarudia ya nyuma mpaka msimu mwingine. Kitabu kikala miaka.

Nilikuwa na furaha kuliko nilivyojua. Mkono ulionuka shaba na udongo mbichi, hiyo harufu nikiipata leo hata dukani, nakuwa mtoto.

Maana baadaye nilipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Biharamulo. Nikija likizo tunaendelea tulipoishia. Zilibaki kurasa chache baba alipougua, na hakuinuka tena. Siku ya mazishi bendi ilipiga. Mimi nilishika tarumbeta tu, pumzi sikuwa nayo.

Baada ya hapo niliendelea mwenyewe, kila likizo kidogo kidogo. Nilipofika ukurasa wa mwisho nikagoma. Mara kuna wageni, mara midomo imekauka, mara tusubiri mvua ipite. Ukweli ni kwamba ukurasa ule ukiwa bado upo, mimi na baba bado tuna kazi ya kufanya pamoja. Niliogopa ukiisha, na yeye ataisha kabisa.

Mama hakuwahi kuingilia mambo ya tarumbeta. Msimu uliopita tulikuwa tunapalilia wote, akanyoosha mgongo.

"Baba yako alikuwa anausubiri huo ukurasa," akasema. "Unamsubirisha mpaka lini?"

Nikanawa mikono. Kaburi lake lipo pale pale, pembeni ya migomba. Nikageukia huko nikapiga.

Wala si kitu kikubwa, wakuu. Noti za taratibu, zinapanda kidogo, zinashuka. Kuna sehemu niliwahisha, nikasimama, nikasubiri kikohozi ambacho hakikuja. Nikaanza upya, nikaupiga wote mpaka mwisho. Nikalia kama mtoto.

Mama aliniacha nikalia mpaka nikanyamaza. Nikamwambia ndiyo basi, kitabu kimeisha.

"Kwani maharage tukishavuna huwa hatupandi tena?" akaniuliza, huku ananionyesha jembe langu lilipo.

Nilichojifunza ni kwamba kupumzika ni sehemu ya kazi yenyewe. Na kumaliza kitu cha mtu si lazima kuwe kumuaga.

Nawe kama mzazi wako alikufundisha jambo kwa njia yake ya ajabu, tuwekee hapa chini, usione aibu.

Mvua imekatika, mama ameshatangulia shambani. Mimi nipo ukurasa wa kwanza tena, zoezi ni noti moja ndefu. Acha nikaipige. Komenti zenu nitazisoma nikifika mwisho wa mstari.