Leseni Iliyofunga Maabara

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Utawala wa hospitali yetu ya binafsi kule Bugolobi alinionyesha chumba kilichojaa kompyuta mbovu, akasema, "Fundi, kazi yako ni moja tu: madaktari wasinisumbue." Miaka yote niliyokaa pale, hawakuacha kumsumbua.

Mimi ni mtoto wa askari polisi, nimelelewa kambini, amri nimezizoea. Lakini ile programu ya maabara ilinishinda. Ilikuwa ya leseni, maana yake tulilipia ruhusa ya kuitumia, na kampuni iliweza kuifunga ikitaka. Asubuhi moja ikagoma kufunguka: leseni imeisha. Wakala wa kampuni hiyo akatuambia tusubiri jibu kutoka ng'ambo. Majibu ya wagonjwa yako mle ndani, hayatoki. Mtoto mmoja mwenye selimundu, ambaye kumpata mshipa ilikuwa kazi, ikabidi achomwe sindano upya ili damu ipimwe tena. Kilio chake nilikisikia hadi chumbani kwangu.

Nikamwendea Mkurugenzi wa hospitali, nikapendekeza programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maagizo yanayoziendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha.

"Za bure?" akauliza. "Watu watasema tumefilisika."

"Mkubwa, tunayo ya kulipia, na mtoto amechomwa mara mbili."

Akakubali shingo upande, nikaziweka kwenye kompyuta zote za hospitali.

Nikadhani yamekwisha. Wapi! Mhasibu akalalamika majedwali yake yamepinda. Daktari mmoja akairudisha programu ya zamani kwa flashi, nakala ya wizi, ikaja na virusi vilivyoharibu mafaili ya wodi nzima. Naye Sista Aceng, mkuu wa maabara, alinisimamisha koridoni kila siku: "Ssebo, bwana, ile kitufe ya kusevu umepeleka wapi?" Nilikuwa nimemwonyesha jana. Na juzi. Nilirudi nyumbani kichwa kinagonga.

Nilipokaribia kustaafu, Mkurugenzi mpya akaleta muuzaji mwenye programu ya leseni inayong'aa, mwaka wa kwanza bila malipo. Tukaitwa kikaoni. Niliposimama kupinga, Mkurugenzi akanikatiza: "Mzee, wewe unaondoka. Waachie wenzako." Nikakaa. Nilikuwa nimechoka kubishana.

Ndipo Sista Aceng akamgeukia muuzaji. "Leseni ikiisha, majibu ya wagonjwa wangu nitafungua?"

Muuzaji akaanza kueleza habari za makubaliano.

"Nimeuliza, nitafungua ama sitafungua?"

Muuzaji akaanza kupekua karatasi zake.

"Basi kwa maabara yangu haingii."

Mkurugenzi akafunga kikao, na muuzaji hakurudi tena.

Sasa niko nyumbani. Mafundi vijana huja kuniuliza programu ipi ni bora, na swali hilo hunichosha. Mimi nilihangaika na mashine miaka yote, nikiwaona watumiaji kama usumbufu tu, kumbe mmoja wao alikuwa akisikiliza. Sista hajanishukuru hadi leo. Wiki iliyopita alinipigia simu kunigombeza kwamba printa imekwama. Nikamfokea, naye akanifokea, mpaka karatasi ikatoka.