Pakiti Niliyoiagiza Beni

Wakati wa vita ofisi yetu ya Butembo haikuwa na intaneti. Hata hivyo mimi, fundi niliyejifunza kompyuta peke yangu, niliahidi kuijengea hospitali programu huria ya kusimamia dawa. Faili zilipatikana Beni, na njiani kulikuwa na vizuizi vya wanajeshi, basoda kama tunavyowaita. Nilieleza kwa utulivu kwamba fundi akiuawa njiani kazi itakufa, basi akaenda Masœur Élise, mtawa wa famasi. Nilimwagiza abane faili zote katika pakiti moja ya kompyuta, hata programu ya kufungulia pakiti.

Alirudi salama, rozari mkononi. Mbele ya wauguzi, kompyuta ikashindwa kuifungua pakiti.

“Ile ya kufungula iko wapi, papa?” Masœur Élise aliniuliza.

“Iko ndani ya pakiti.”

Wauguzi walicheka. Yeye alinipa rozari.

“Kamata. Kesho ni weye utapita kwa basoda.”