Fundi Makochi na Mwaka wa Mtihani

Mtaa mzima ulimwita Fundi Makochi, na hata mkewe, akiwa na utani, alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa mabega mapana, viganja vimekakamaa kwa nyundo na gundi, sauti yake ya kuamrisha. Mbwa wa jirani aliyetimua kila mpita njia, akimwona yeye alijikunja chini ya gari. Watu waliamini haogopi kitu. Hawakujua kwamba mwaka ule aliamka kila siku akiwa na hofu kwa ajili ya mwanawe wa pekee, kijana wa miaka kumi na sita, aliyekuwa darasa la mwisho la sekondari.

Muhula wa kwanza haukuwa hata na mwezi pale rafiki wa kijana huyo alipofariki. Wenzake walimwita Mluzi, maana alikuwa na pumu, na akivuta pumzi kifua kilipiga mluzi. Alianguka uwanjani kwenye mazoezi ya mbio, na gari lilipofika hospitali alikuwa ameshakata roho. Shule ilifungwa siku mbili za msiba. Ilipofunguliwa, mwalimu mkuu aliwaambia wanafunzi wajikaze kwa sababu mtihani hausubiri mtu. Fundi Makochi naye alimwambia mwanawe ajikaze, mtoto wa kiume halii ovyo.

Kijana akajikaza mpaka akawa kama gogo. Alikula kimya, akajibu kwa kutikisa kichwa. Kitu kimoja kilimtia baba yake hofu kuliko vyote: katikati ya kula, kijana aliacha kijiko, akabandika kiganja kifuani na kusikiliza pumzi zake mwenyewe, macho yakiwa mbali. Mama yake, aliyefanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, alimpeleka kwa daktari. Daktari akasema kifua ni kizima. Mama akarudi nyumbani akamwambia mumewe asimkaripie mtoto, chondechonde, huko alikokuwa hakufikiki kwa makelele.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Fundi Makochi alikuwa akivalisha kochi kitambaa kipya, misumari midogo ameibana midomoni kama ilivyo ada ya mafundi wa kazi ile. Simu ikaita. Alikuwa mwalimu wa kemia, mwanamke aliyesimamia darasa la kijana.

"Mzee, mwanao anaendeleaje? Leo ni siku ya tisa hatujamwona darasani."

Nusura ameze misumari. Siku tisa! Kila asubuhi kijana alimwamkia, akabeba begi, akatoka na sare yake iliyonyooshwa. Fundi akajibu kwamba atapiga simu tena, akatoka vile vile na aproni ya gundi, karakana akaiacha wazi.

Alikwenda moja kwa moja machimboni, nje kidogo ya mtaa, ambako mashine za kokoto ziliacha shimo kubwa likajaa maji. Kwa nini huko, hakuweza kujieleza. Wazo la mwanawe kujitupa kwenye yale maji lilikuwa likimnyemelea kwa wiki nzima, na hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia tuli. Juu ya jiwe, ukingoni, palikuwa na sweta la bluu la shule.

Alipiga magoti kando ya lile sweta, akalikunjua. Lilikuwa dogo, la mtoto wa miaka saba au minane. Mwenyewe alitokea nyuma ya kifusi pamoja na wenzake wawili, wote wameloa, wakalinyakua sweta na kutimua mbio, maana waliona wamefumaniwa. Fundi Makochi alibaki amepiga magoti, akiwatazama mpaka wakapotea.

Kisha alirudi mtaani akiuliza kila aliyemfahamu. Fundi baiskeli wa kona ya pili, bila hata kuinua macho kwenye gurudumu lake, alimwambia kwamba kijana wake yupo kwa mama Mluzi. Kwani hakujua? Kila siku anapita hapa asubuhi, anaingia kule.

Mama Mluzi aliishi peke yake sasa, akiwapigia watu pasi kwa malipo. Fundi alimkuta uani amesimama mbele ya meza, pasi mkononi, na kijana wake pembeni, ndani ya sare ya shule, akikunja mashati yaliyokwisha pigwa pasi. Yule mama alimkaribisha bila wasiwasi. Kijana alikuwa amemwambia shule imeruhusu darasa lao kujisomea nyumbani.

Hofu yote ya asubuhi ile ikageuka hasira. Fundi Makochi aliinua mkono. Kijana hakukwepa wala hakufumba macho. Aliweka shati chini, akasimama wima mbele ya baba yake, akisubiri kofi kama mtu anayesubiri haki yake.

Mkono ulibaki hewani. Pale ndipo Fundi alipoogopa kweli kweli, kuliko alivyoogopa kule kwenye maji.

"Nipige tu, baba," kijana alisema. "Aliniambia kifua kinambana. Nikamwambia aache maigizo, amalize mzunguko."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikapanda kutoka mezani. Mama Mluzi aliisahau pasi juu ya shati la mteja. Fundi aliishika akaiweka pembeni, akiogopa kumtazama yule mama usoni. Alidhani atamfukuza mtoto wake, na angemfukuza angekuwa na haki.

"Asubuhi ile hakutaka kwenda," mama Mluzi alisema kwa sauti ya chini. "Alisema hajisikii vizuri. Nikamwambia anatafuta kisingizio." Akamvuta kijana akamkalisha kwenye kiti chake. "Kwa hiyo, mwanangu, tuko wawili."

Kijana alilia. Lile jitu la baba likakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, likamwambia mwanawe kwamba lilikosea kumwambia ajikaze, na kwamba lenyewe linaogopa tangu msiba, linaogopa hata sasa hivi.

Kesho yake baba na mama walikwenda shuleni. Mwalimu mkuu alifungua kitabu cha kanuni: siku tisa za utoro, adhabu yake kusimamishwa masomo. Mwalimu wa kemia aliyekuwa kando aliomba kusema. Alisema darasani mwake wapo wavulana wengine watatu wanaorudisha karatasi tupu tangu msiba, na wote wanahudhuria vizuri sana. Mwalimu mkuu akakifunga kitabu.

Basi wakaanza kukutana kuzungumzia msiba kila Alhamisi baada ya vipindi, kwenye maabara, wavulana na mzazi yeyote aliyeweza kuja. Mara ya kwanza walikaa dakika arobaini wakitazama mabomba ya maji. Mara ya tatu alikuja mwalimu wa michezo, aliyeshika saa siku ile ya mbio, akakaa karibu na mlango. Maneno yalikuja kidogo kidogo. Fundi Makochi hakukosa hata Alhamisi moja, na kila asubuhi alimsindikiza mwanawe hadi getini, akasubiri kipindi cha kwanza kianze ndipo akafungue karakana. Wateja walinung'unika. Aliwaacha wanung'unike.

Siku ya mtihani wa hesabu kijana alibanwa pumzi katikati ya swali la nne. Msimamizi alimruhusu atoke na mwalimu wa kemia, wakakaa kwenye ngazi mpaka pumzi zikatulia, akarudi kumalizia alichoweza. Baba yake alikuwa nje ya ukuta. Hakuona lolote, na kila mlango uliofunguliwa ulimshtua.

Matokeo yalipotoka, kijana alikuwa amefaulu masomo yote isipokuwa hesabu, ambayo ingebidi airudie. Alimletea baba yake karatasi karakanani. Fundi Makochi aliisoma mara moja, akairudisha. Hakuuliza lolote juu ya hesabu. Alimwuliza usiku amelalaje, akamtazama machoni mpaka akajibiwa.