Kanisa Lilinyakuliwa Pamoja na Sufuria

Haya, munacheka hata sijafungua kinywa. Chekeni tu. Hapa Majengo hakuna mutu anayeniita jina langu tena, hata watoto wakiniona napita wanasema "Mama Kunyakuliwa ule," na mimi naitika, nitafanya nini? Nilijitia haya mchana kweupe, mbele ya quartier nzima, mutaa wote, tena nimevaa nyeupe. Lakini leo mutaisikia kwangu mwenyewe, juu ile watu wa moto, wale wa pikipiki, wanapelekaka huku na huku ni nusu uongo (wanasema nilikimbia mpaka ziwani, mimi sikufika ziwani, nilifika rond-point tu, pale barabara zinapozunguka, na mwili huu ningefika ziwani namna gani?).

Mwaka ule vita ilikuwa upande wa Rutshuru, na mu kanisa letu, lile la mbao linaloangalia barabara ya kwenda huko, mimi nilikuwa mukubwa wa waombezi. Ufunguo wa mulango nilikuwa nao mimi, nimeuvaa shingoni kwa kamba, nalala nao. Na mambo ya siku za mwisho nilikuwa nayafundisha mimi, Papa Pasteur, muchungaji wetu, alikuwa ananiachia, juu nilikuwa nayajua yote kwa mupango: parapanda inalia, kanisa linanyakuliwa mara moja, nguo zinabaki chini, halafu wanaoachwa wanaingia katika dhiki kuu, na hapo ndipo nilikuwa naongeza sauti. Na mutu anayefundisha dhiki hapa Goma hakosi mifano, mabomu yanasikika kule, mulima unawaka hapa juu yetu, makala ya kupikia inapanda bei. Watu walikuwa wanalia. Mimi sikulia, nilikuwa najua niko upande gani.

Basi watu wa Kiwanja, kule Rutshuru, wakaanza kufika, na magodoro yao, na mbuzi, na watoto mugongoni, wanalala chini ya mabaraza ya maduka. Siku ya Mungu, ibada ilipoisha, Mama Pasteur akasimama (muke mufupi, wa Butembo, anauzishaka maharagi, sauti yake peke inashinda kwaya) akasema tufungue kanisa wale watu walale ndani. Na mimi nikasimama.

"Kanisa ni bibi-arusi," nikasema. "Siku hizi za mwisho liko na kazi moja, kukaa safi na kungoja. Sasa Bwana akuje leo, akute tumetandika magodoro na watoto wanakojoa mbele ya madhabahu?"

Mama Pasteur akaniangalia vizuri. "Na akikuja akute tumewafungia inje, mama, utamuambia nini?"

"Nitamuambia tulikuwa tunamungoja Yeye."

Wengine wakasema amina, wengine wakaangalia chini. Papa Pasteur ni mutu wa amani, kelele haipendi, akasema tufunge na kuomba siku ya Alhamisi, kisha tutaamua. Nikarudi nyumbani nimekaza roho kabisa. Nilikuwa nasema ufunguo huu ukiwa shingoni mwangu, hakuna godoro itapita ule mulango.

Alhamisi nikafungua asubuhi, tukaingia wote na kanzu zetu nyeupe. Kando yangu alikuwa Mama Jeannette, mwenzangu wa benchi, ule mwenye kusinzia maombi yakianza na kuamka yakiisha. Akaninong'oneza, "Mama Éliya, uko na alama hapa nyuma." Nikageuza kanzu. Alama nyeusi ya makala, kubwa, na pahali pabaya, pale mutu anapokaliaka. Mama Jeannette akasema, "Kaa tu, Mungu anaangalia moyo." Na mimi, ningekaa tu! Lakini nikasema hapana, siwezi kuombea usafi wa kanisa na kanzu chafu, nakwenda nyumbani mara moja, nafua hapo kidogo, napiga pasi, narudi. Pasi ya makala munaijua, kwanza kutafuta moto kwa jirani, kisha kupepea, kisha kungoja ishike, na ile kanzu imelowana, kila nikipiga inatoa moshi, kumbe jua tayari linapanda.

Nilirudi nimenyooka, kanzu haina hata mukunjo moja. Nikasikia kimya. Mulango wazi, hakuna mutu inje, na waombezi wangu mimi hawanyamazaki. Nikaingia.

Kanzu zilikuwa ku mabenchi. Kila kanzu pahali pa mwenyewe, mikono inaning'inia. Biblia zimefunguka. Gitare ya kwaya chini. Koti ya Papa Pasteur ku madhabahu, na juu yake miwani yake ya kusomea. Nikaita, "Jamani?" Sauti yangu ikanirudilia.

Nitasema kweli, woga haukukuja wa kwanza. Hasira ilikuja ya kwanza. Niliona kanzu ya Mama Jeannette, imekunjamana, ina doa ya mafuta ya mboga ya sombe mbele, nikainua macho juu nikasema, "Bwana, hata Jeannette? Jeannette anayekoroma? Na mimi niliyekwenda kupiga pasi kwa ajili yako?" Kisha ndipo woga ukakuja. Nikamufikiria mume wangu, ule Mukatoliki, ambaye miaka yote nilikuwa nimemuhesabu kati ya watakaoachwa, nikaona sasa tutaachwa naye wote wawili, na atanicheka mpaka mwisho wa dhiki.

Nikatoka mbio, nikafunga mulango na ufunguo (ndiyo, dunia inakwisha na mimi nafunga, ile ni mazoea), nikashika kile kipande cha chuma, nikaanza kupiga jante.

Ile jante, chuma cha gurudumu la kamio, inayoning'inia kando ya mulango njo kengele yetu. Na quartier yote inajua, tulipatana tangu zamani hata na majirani wa musikiti: ikilia saa ya ibada ni ibada, ikilia saa ingine yote ni vita imefika, shika watoto, kimbia. Mimi yote ilikuwa imenitoka kichwani. Nilipiga kwa mikono miwili, napiga nalia, "Tubuni! Tubuni!" lakini kwa kelele ya chuma nani atasikia maneno? Wanaona tu mama munene na nguo nyeupe anapiga jante kama wazimu, halafu anatupa chuma na kuingia barabarani mbio.

Na hapa kwetu, mutu akikimbia, wewe kimbia, sababu mutaulizana mbele ya safari. Nikasikia milango ya maduka inajifunga, pa, pa, pa, mama wa tomati anaacha tomati, moto zinageuka, watoto wa masomo wanamwagika, watu wote wanatelemuka upande wa mujini. Na mimi nikawaona nikasema, asante Mungu, wamesikia, wanatubu! Tulikimbia bega kwa bega. Kando yangu kulikuwa na papa mwenye godoro ku kichwa, nikamuonea huruma kabisa, nikamuambia, "Ndugu, tupa hiyo godoro, huko tunakokwenda haitakusaidia!"

"Mama, kimbia yako!" akajibu.

Ku rond-point pumzi ikaisha, nikashika muti wa umeme. Akafika Kasereka, papa moja wa chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, anayebebaka makala kwetu, anasukuma ile chukudu yake mbio na jasho inamutoka. Akasimama. Watu wakasimama nyuma yake.

"Mama Éliya! Wamefika wapi?"

"Nani?"

"Si vita!"

"Vita gani? Papa Kasereka, kanisa limenyakuliwa! Kanzu zote ziko chini! Tumeachwa!"

Wakaniangalia wote. Kasereka akajikuna kichwa, ni mutu wa kufikiri polepole. "Na ile sufuria kubwa ya kanisa," akauliza, "ile nililetea makala asubuhi, iko?"

Nikafikiri. Sufuria haikuwako. Ku kona yake kulibaki mbabula tu, lile jiko la makala.

"Na mabidon ya maji?"

Mabidon pia hayakuwako.

"Sasa, mama," akasema, na hakuwa anacheka, alikuwa anauliza kweli, "walinyakuliwa pamoja na sufuria?"

Basi. Ni hapo. Kicheko kilichotoka pale rond-point sijawahi kukisikia tena maisha yangu, watu walikaa chini, mwenye godoro alilala juu ya godoro yake. Kasereka akaongeza kwamba waombezi wangu aliwapita mwenyewe ku barabara ya Kibumba, wanapanda kwa miguu, Mama Pasteur mbele na sufuria ku kichwa, Papa Pasteur nyuma na shati limekunjwa mikono, wanakwenda kupokea wakimbizi waliochoka njiani. Wameacha kanzu zisichafuke na vumbi. Ile ilikuwa yote.

Lakini mama wa tomati hakucheka. Alinikaribia. "Mimi nilikimbia ya kweli," akasema. "Nilitoka Masisi kwa miguu na watoto. Leo nimekimbia tena, tomati zangu zimekanyagwa, moyo karibu unitoke. Mama, usitukimbize bure." Nilimuomba musamaha pale pale, nikageuka kupanda kanisani, na mvua ikaanza.

Ile mvua ya kwetu, inayoanguka kwa hasira. Nilipofika kanisani nikakuta inje imejaa. Waombezi wamerudi na vitenge vyao vya kila siku, kila mutu na muzigo wa mutu mwingine, Mama Jeannette (ule ule!) amebeba muzee moja mugongoni, na watu wa Kiwanja wamejibana ku ukuta. Mbele ya mulango alisimama binti na mutoto wa kuzaliwa njiani, amemufunika na kitenge kilicholowana, na mutoto analia sauti ndogo, ya kuisha-isha. Mama Pasteur hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinyoosha mukono.

"Ufunguo, mama."

Nikapeleka mukono shingoni. Kamba haiko. Nikatafuta kifuani, nikatafuta mufukoni, nikatikisa kanzu. Ufunguo ulikuwa umeanguka ku barabara, chini ya miguu ya quartier nzima niliyoikimbiza mimi mwenyewe. Ule mutoto akalia tena, na mimi nikasikia haya inayochoma kuliko ile ya rond-point, juu mulango uliokuwa unamufungia inje ni mimi niliapa hautafunguka.

Nikaangalia dirisha. Dogo, juu, la hewa tu. Nikasema, "Papa Kasereka, leta chukudu yako." (Alikuwa amenifuata, na nusu ya rond-point pia, hawakutaka kukosa mwisho.) Papa Pasteur akasema, "Mama Éliya, tungoje tutafute kijana mwembamba." Nikasema, "Mutoto atangoja? Nimefunga mimi, nitafungua mimi." Nikapanda ku chukudu, nikatia kichwa, nikatia mabega, tumbo likapita nusu, kisha yale mengine yakakataa.

Nilinasa. Kichwa mu kanisa, miguu Majengo. Mvua inanipiga nyuma, na ile alama ya makala, nasikia, haikuwa imetoka vizuri, kila mutu aliiona. Jupon yangu, ile nguo ya ndani, waliiona. Papa Pasteur aligeuka akawa anaangalia mulima, na mulima siku ile haukuonekana hata kidogo. Kasereka na watu wa kwaya wakashika miguu, "Moja, mbili, sukuma!" na watu nyuma wanaimba. Ningeweza kusema nirudishwe. Sikusema. Nilipiga kelele, "Sukumeni, musinihurumie!" Kanzu ikapasuka kutoka kwapa mpaka chini, nami nikaanguka ndani, kichwa mbele, juu ya kanzu ya Jeannette.

Nikatambaa mpaka mulango wa nyuma, ule unaofungwa na ubao kwa ndani, nikaondoa ubao. Wakaingia. Magodoro yakaingia, mbuzi ikaingia, watoto wakakimbilia mbele ya madhabahu kabisa. Kanzu yangu ilikuwa imekuwa vipande viwili, na kile cha mbele hakikulowana sana, nikakikung'uta, nikamufunga nacho ule mutoto. Binti akamutazama, akanitazama mimi na jupon yangu, akasema, "Aksanti, mama. Inasikika harufu ya sabuni." Nikalia. Mama Jeannette akasikia ninalia akafikiri nimeumia, akaanza kunikanda goti.

Ufunguo hatukuupata mpaka leo. Baada ya siku kidogo Papa Pasteur alileta fundi atie kufuli mupya, nikasimama mbele ya mulango nikamuambia fundi arudi kwake. Papa akauliza, "Na wezi, mama?" Nikamuambia wezi waibe mabenchi, tutakaa chini. Vita imerudi mara nyingine, watu wamelala mule mara nyingine, watoto wamekojoa mbele ya madhabahu, niliwapangusa mimi. Siku za mwisho nazifundisha bado, munikubali ao munikatae, na kwamba kanisa litanyakuliwa ninaamini vilevile. Lakini nimeapa: siku nikiingia tena nikute kanzu ku mabenchi na hakuna mutu, jante sitagusa. Nitaangalia kwanza kama sufuria iko. Na kama haiko, nitavua yangu niwafuate.