Mkono wa Mama Anastasia

Siku yangu ya kwanza hospitalini Gisenyi nilivaa koti jeupe la kuazima lililonifika magotini. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Goma na familia yangu, nikiwa na cheti cha kine, yaani mtu wa kuzoeza viungo vilivyopooza au kuvunjika. Daktari Mkurugenzi akanionyesha chumba changu cha kazi: kitanda, kioo, na mpira uliotoboka.

"Bon. Mashine haiko," akasema. "Iko mikono yako tu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini nilishughulika zaidi na miguu iliyovunjika. Waliovuja damu kwenye ubongo walikuja pia, upande mmoja wa mwili umelala. Nilifundishwa hivi: mkono usipoonyesha dalili kwa miezi mitatu, uache, mzoeze mgonjwa kutumia ule mwingine. Nilifuata bila kuuliza.

Ndipo akaja Mama Anastasia, muuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, kutoka Nyamyumba. Alikuwa amekwenda Ubelgiji kwenye ubatizo wa mjukuu, mshipa ukapasuka kichwani mwake huko huko. Alirudi baada ya miezi minne, mkono wa kuume hausogei hata kidogo, na bahasha kubwa ya picha kwenye kwapa la kushoto.

"Mwanangu, walinitia ndani ya tundu yenye kelele kama mashine ya kusaga," akaniambia. "Angalia kama ubongo yangu ingali mule."

Sikuzielewa picha zile. Nilizipeleka kwa Mkurugenzi, aliyesomea Ulaya. Alizibandika dirishani, akasoma barua ya Kifaransa mara mbili. Ile ilikuwa IRM, mashine ya sumaku, akanieleza, na picha ya mwisho ilikuwa ya difizioni, jambo jipya hata kule. Hufuatilia jinsi maji yanavyosogea ndani ya ubongo. Nyuzi za neva zikiwa nzima, maji huzifuata kama mfereji. Zikikatika, hutawanyika ovyo.

"Ona hapa. Damu ilisukuma njia ya mukono kando, haikuikata. Donc, labda mukono itarudi. Nasema labda."

"Lakini miezi mine imepita, Dokta."

"Mi najua kuhesabu. Na kule Kanama hawana kine, nakuhitaji kule. Uko na wiki sita."

Pale chumbani vidole vya Mama Anastasia vilikakamaa, havikufunguka. Nikakumbuka chemchemi za maji ya moto karibu na kwao. Kila Jumanne na Jumamosi nikapanda pikipiki hadi Nyamyumba, tukakaa majini, mkono wake ndani ya wangu. Vidole vililegea, lakini havikusogea.

"Sukuma gumba, mama."

"Nasukuma! We ndiye husikii."

Wiki tano zikapita hivyo. Jumamosi ya wiki ya sita nilikwenda nikipanga maneno ya kumwambia kwamba basi. Tukakaa majini kama kawaida, na hata sijaanza, mzee mmoja aliyekuwa anaoga akatoka majini na kukalia kitenge kikavu cha Mama Anastasia.

"We mutu! Ni kitenge ya ubatizo ile!" akafoka, na gumba lake likanigonga kiganjani.

Nikaushikilia mkono wake vizuri zaidi. "Fanya tena, mama."

"Nifanye nini?"

"Umugombeze tena."

Watu wote majini wakacheka. Mzee yule akainuka, akakikalia tena kwa makusudi, na gumba likasogea mara ya pili. Mama Anastasia aliutazama mkono wake, akaanza kulia huku akimtukana mzee, na mzee akaitikia kila tusi kwa "asante".

Kanama nilihamishwa kama ilivyopangwa, ila Jumamosi niliendelea kushuka Nyamyumba. Mwaka ulipoisha, aliweza kushika kopo la kupimia sambaza. Mkono ulitetemeka ukamwaga nyongeza, na wateja wakawa wanaomba wapimiwe kwa huo huo.

Sasa nimestaafu. Makine vijana huniuliza kuhusu mashine ile. Nawaambia mimi niliona picha zake tu, na picha haikuinua hata kidole. Ninachokumbuka zaidi ni wale waliokuja kabla yake, ambao mikono yao niliiacha baada ya miezi mitatu. Wengine bado nakutana nao mjini. Nikiwasalimia nawanyooshea mkono upande wa mkono ule ule niliouacha, halafu nasubiri.