Tumbo la Meka

Juzi nilinunua meka mpya. Ninasema lile kopo kubwa la bati tunalopimia unga hapa Lubumbashi, na ukishalinunua, kazi ya kwanza si kuliosha. Unaligeuza juu chini, unachukua nyundo, unagonga kitako taratibu mpaka kiingie ndani kama tumbo la mtu aliyeshinda njaa. Kwa nje kopo ni lile lile; ndani limepungua. Kila mwenye duka la unga huku Bel-Air anajua, na kila mnunuzi anajua kwamba tunajua. Nikagonga mara mbili, nikasimama. Ule mlio, ko, ko, ulinitoa dukani ukanipeleka Kamalondo, kwenye ua wa bibi yangu, nkambo kama tunavyosema, na tangu siku ile sijakaa vizuri kwenye kiti.

Nkambo aliuza unga wa mahindi kwenye meza mbele ya nyumba. Jumamosi mimi ndiye niliyemwagia maji lile vumbi jekundu lisipande mezani, kisha nikaigonga meka, maana uzito wa unga ulikuwa na tabia ya kuinyoosha wiki nzima. Unga ulikuja kutoka mashineni ungali na moto; ukiingiza mkono, hutaki kuutoa. Huku nyuma mtu anatwanga sombe, majani ya muhogo, huku mbele cherehani zinalia, na mwalimu wangu anakuja na mfuko wake wa kitambaa. Kila Jumamosi aliiangalia meka ndani, akaipapasa kwa kidole gumba, akasema lile lile.

“Nkambo, hii meka iko na mimba. Itazala lini?”

“Inazalia mu mukono, mwalimu. Fungula mufuko.”

Na kweli. Nkambo akishapima, aliingiza mikono yote miwili guniani, akachota, akamwongezea. Hiyo ndiyo mbasela. Hakuuliza kama unaitaka, wala wewe hukuomba. Ilikuja tu, kama amina baada ya sala.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na ugonjwa nilionao hadi leo, wa kuhesabu kila kitu mara mbili. Nilipima tumbo la meka: lilikula viganja vitatu. Nilipima mbasela: viganja viwili. Kwa hiyo kwa jasho lote lile, na nyundo, na matani ya mwalimu, nkambo alibaki na kiganja kimoja. Nikarudia hesabu. Kimoja. Nilimhurumia kwa moyo wote. Mwizi gani huyu, anaiba kwa kopo na papo hapo anarudisha kwa mikono?

Jumamosi moja alikwenda kwenye kilio, akaniachia meza. Akaja jirani yetu, mama mshonaji wa barabara ya tatu, akitaka meka moja. Nilipima, nikasawazisha juu kwa kijiti, nikamimina, nikafunga mfuko. Akasimama kidogo. Nami nikasimama. Akaniangalia mikono, akachukua mfuko wake, akaenda zake. Viganja vitatu kamili! Nilimngoja nkambo kama mtoto anayengoja zawadi.

Aliporudi nilimweleza hesabu yangu. Hakunipiga. Alisema nikinge viganja pamoja, akavijaza unga mpaka ukawa kilima, akakataa katakata nisichukue sahani.

“Meka ni ya soko,” alisema. “Mukono ni ya muntu. Enda.”

Nilitembea barabara tatu nikiwa nimeishika mikono mbele yangu kama padri. Upepo ulichukua sehemu yake, gauni langu likachukua yake. Mtu aliyekaa mlangoni kwake aliuliza kama mifuko imeisha Kamalondo. Sikuweza hata kufuta machozi, maana mikono ilikuwa na kazi. Nilipofika kwa mshonaji, sufuria ilikuwa mekoni, maji yanachemka, na mfuko wa unga uko kando yake umefungwa vile vile nilivyoufunga mimi.

“Nilikuwa nakungoya,” alisema, akafunua sufuria.

Nilichobaki nacho nikakinyunyiza majini. Bukari, ugali wetu, ya siku ile ilianzia viganjani mwangu.

Basi juzi, nyundo mkononi, nilijiuliza mara ya mwisho kutoa mbasela ilikuwa lini. Nikahesabu nyuma. Nikarudia. Sikuipata. Tulirithi tumbo la meka, mimi na wenzangu wote wa barabara hii. Mikono tuliizika na wazee. Nilikwenda hadi Kamalondo nikaangalie, sijui niangalie nini. Pale palipokuwa na meza ya nkambo sasa wanauza vocha za simu, na vocha haina mbasela. Nikarudi, nikaingiza mpini wa nyundo ndani ya meka, nikagonga kinyume mpaka kitako kikalala sawa. Nilijisikia mtu mwema kwa muda wa kama dakika kumi.

Mteja wa kwanza, mama mmoja mwenye haraka, aliipapasa meka ndani. Akaigeuza. Akaipapasa tena.

“Mama, bujanja ya hii iko wapi?”

“Haiko.”

Aliniangalia kana kwamba mimi ni mwizi aliyetoka kujifunza kazi mpya. Akasema anakwenda kwa jirani yangu, bujanja ya ule anaijua tayari. Akaanza kuondoka.

“Rudia, mama. Sijakupa mbasela.”

Sijui nani alisema. Sauti ilikuwa yangu. Alirudi polepole. Nilimpimia meka nzima, kisha nikaingiza mikono yote miwili guniani, na ikanishangaza kwamba viganja vyangu vimekuwa vikubwa kuliko vya nkambo. Mama yule hakushukuru. Alifungua mfuko tu, kama watu walivyofungua zamani.

Alipotokomea nilipiga hesabu: hasara, viganja viwili. Nikarudia: viwili. Tangu hapo nainuka, nakaa, nainuka. Meka ya jirani ikilia ko, ko, mkono wangu wenyewe unatafuta nyundo. Si unga ninaouhesabu tena. Namhesabu yule mshonaji, ambaye alijua kabisa kwamba nimempunja, akainjika maji, akaacha mfuko umefungwa, akangoja. Nimepita barabara yote hii kichwani, nyumba kwa nyumba, nikitafuta mlango mmoja ambamo leo wangeningoja hivyo. Nimepita mara mbili.